Sonona si upungufu wa imani, wala haiponi kwa kichupa cha usingizi



Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, mji wetu wa Tunduma ni mlango. Katika mlango huu hupita shaba ya Zambia na Kongo ikielekea bandari ya Dar es Salaam. Hupita mafuta, nguo, vipuri na nafaka. Na hupita pia vichupa vidogo vya vidonge ambavyo hakuna tabibu aliyeviandika. Miongoni mwake ni vile vilivyoandikwa melatonini au triptofani, ambavyo wauzaji huvinadi kuwa huleta usingizi, huondoa mawazo na hutibu sonona.

Mama mmoja ametuletea swali kuhusu vichupa hivyo. Mume wake ni dereva wa malori ya masafa marefu. Kwa muda wa miezi mitatu sasa halali vizuri, chakula hakimpandi, hachezi tena na wanawe, na swala ya jamaa ameiacha ingawa alikuwa wa safu ya kwanza. Ndugu wa mume wanasema imani imepungua. Jirani ameleta kichupa na kusema dawa ndiyo hii. Mama anauliza: nimpe au nisimpe? Na je, ni halali?

Swali hili limebeba hukumu mbili zilizokwisha kutolewa juu ya mgonjwa kabla hajasikilizwa. Hukumu ya kwanza ni ya ndugu, kwamba kilichopungua ni imani. Ya pili ni ya jirani, kwamba kilichopungua ni kitu kimoja tu mwilini, nacho kinanunulika. Inshaallah tuzitazame zote mbili, kwa sababu zote mbili zinaweza kumchelewesha mgonjwa kufika kwenye tiba. Na maelezo haya hayachukui nafasi ya tabibu.

Huzuni si dhambi, na sonona si huzuni ya kawaida

Huzuni imewafikia waliokuwa bora kuliko sisi. Nabii Yaqub (a.s.) alimlilia Yusuf hata macho yake yakaingia weupe, kama tunavyosoma katika Sura Yusuf. Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na Bibi Khadija (r.a.) na ami yake Abu Talib katika kipindi kimoja, wanahistoria wa sira waliuita mwaka ule Mwaka wa Huzuni. Hakuna Mwislamu anayethubutu kusema kwamba watukufu hao walihuzunika kwa uchache wa imani.

Sonona nayo ni jambo jingine. Matabibu huitambua pale mtu anapokuwa na huzuni nzito, au kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Huandamana na usingizi kuharibika, hamu ya chakula kubadilika, uchovu usio na kazi, fikra kutotulia, kujilaumu kupita kiasi, na wakati mwingine mawazo ya kufa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu zaidi ya milioni 280 duniani wana maradhi haya. Hayachagui dini, kabila wala cheo.

Tofauti hiyo ilielezwa na mwanachuoni wa Kiislamu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Abu Zayd al-Balkhi, mzaliwa wa viunga vya Balkh katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wa al-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Humo aliitenga huzuni ambayo sababu yake inajulikana, kama kufiwa au kupata hasara, na huzuni ambayo mwenyewe haijui sababu yake. Hii ya pili aliihusisha na mwili, akaona kwamba inahitaji pia tiba ya mwili. Aliwalaumu matabibu wanaotibu mwili na kuisahau nafsi, kwani kimoja kikiugua kingine hakisalimiki.

Kwa hiyo, kumwambia mgonjwa wa sonona kwamba angekuwa na imani asingeumwa ni sawa na kumwambia hivyo mgonjwa wa malaria. Tena ni kumwongezea mzigo, kwa kuwa mgonjwa huyu tayari anajilaumu. Hakuiacha safu ya kwanza kwa kuichukia swala. Maradhi yamemnyang'anya nguvu za kuinuka.

Saa iliyomo kichwani

Sasa tumfuate jirani na kichupa chake. Melatonini ni homoni inayotengenezwa na tezi ndogo iitwayo pineali, iliyo katikati ya ubongo, yenye ukubwa wa punje ya mchele. Iligunduliwa mwaka 1958 na daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, Aaron Lerner, pamoja na wenzake, walioipata kwa kukusanya tezi za maelfu ya ng'ombe. Lerner hakuwa akitafuta dawa ya usingizi wala ya huzuni. Alitafuta tiba ya maradhi yanayoiondolea ngozi rangi yake.

Baadaye ikafahamika kazi yake kubwa. Juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokutana, ubongo una kituo kinachotunza saa ya mwili. Kituo hicho hupata habari ya mwanga kutoka machoni. Giza linapoingia huiruhusu tezi ya pineali kumimina melatonini katika damu. Kiasi chake hupanda usiku, hufika kileleni kwenye saa nane hadi saa kumi za usiku, kisha hushuka kunapopambazuka. Mwaka 1980 watafiti walionyesha kuwa mwanga mkali ukimpata binadamu usiku huizima melatonini hiyo. Melatonini, basi, ni mithili ya mwadhini: hautengenezi usiku, hutangaza tu kwamba umeingia. Anayeitarajia imfurahishe amemtwika mwadhini kazi isiyo yake.

Sisi wa Tunduma tuna mfano wa karibu. Mtu akivuka mpaka kwenda Nakonde, saa yake ya mkononi hana budi kuirudisha nyuma kwa saa moja, kwa kuwa Zambia hufuata majira mengine. Lakini jua halirudi nyuma. Kwa wastani wa mwaka jua hupinduka hapa kwetu karibu saa 6:49 mchana. Wakati huohuo saa za Nakonde husoma 5:49, na Dar es Salaam jua limekwisha kupinduka dakika 26 kabla. Ndiyo maana ratiba ya swala ya Dar es Salaam haitufai, na ndiyo maana mwenye kuswali hutazama jua kabla ya kutazama ukuta. Saa ya mwili nayo ni hivyo hivyo: haijui forodha wala serikali, hujua mwanga na giza.

Dereva anayeendesha usiku na kulala mchana ndani ya joto la lori, kisha kukaa siku kadhaa kwenye foleni akiangaza simu hadi usiku wa manane, anaichanganya saa hiyo. Mfanyabiashara anayehesabu mauzo hadi saa saba za usiku chini ya taa kali, naye vilevile. Usingizi ukiharibika kwa muda mrefu, hatari ya sonona huongezeka; na sonona ikiingia, huuharibu usingizi zaidi. Huo ndio uhusiano wa kweli uliopo, na ni wa pande mbili.

Ndugu zetu walioko Ulaya ya kaskazini wanajua sura nyingine ya jambo hili. Huko London mchana wa Desemba ni kama saa nane tu, na mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake, nchini Marekani, walieleza sonona inayowajia watu kila majira ya baridi na kutibiwa kwa mwanga mkali. Hapa kwetu tofauti ya urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba ni kama saa moja tu. Jua tunalo la kutosha. Kinachotupungukia ni giza la usiku, ambalo tumelifukuza wenyewe kwa taa na simu.

Sahani na akili

Melatonini haitoki hewani. Mwili huitengeneza kutokana na triptofani, ambayo ni mojawapo ya asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini. Triptofani ilitambuliwa mwaka 1901 na Frederick Gowland Hopkins, mwanasayansi wa Cambridge, Uingereza. Mwili wa binadamu hauwezi kuiumba. Lazima uipate kwenye chakula. Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, hivyo mwenye kilo 60 huhitaji kama miligramu 240.

Ndani ya mwili triptofani hugeuzwa kuwa serotonini, kemikali inayotumiwa na ubongo katika mambo ya hisia, hamu ya chakula na usingizi. Na usiku, ndani ya tezi ya pineali, serotonini hugeuzwa kuwa melatonini. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, karibu asilimia 90, imo matumboni, nayo haiwezi kuvuka kuingia kwenye ubongo. Ubongo hujitengenezea yake kutokana na triptofani inayoufikia. Na mlango wa kuufikia ni mmoja, triptofani hupanga foleni pamoja na asidi amino nyingine, mfano wa malori ya shaba na malori ya mahindi yanayogombea lango moja la mpaka. Ndiyo maana mtu hawezi kusema: nitakula nyama nyingi leo, kesho nitaamka na furaha.

Je, chakula kikipungukiwa na triptofani akili inaweza kuugua? Ndiyo, na ushahidi wake uko ng'ambo ya mto wetu wa Songwe. Mwaka 1990, katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, watu zaidi ya 17,000 walipatwa na pelagra. Posho yao ilikuwa hasa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiikamilisha zilikuwa zimekatika. Pelagra huanza kwa ngozi kuchubuka palipopigwa na jua, huendelea kwa kuharisha, na huifikia akili: mgonjwa hukosa usingizi, huwa mzito, mwenye huzuni na hasira, na mwisho huchanganyikiwa.

Sababu yake ni upungufu wa vitamini iitwayo niasini. Mwili unaweza kujitengenezea niasini kutokana na triptofani, kwa kipimo cha miligramu 60 za triptofani kwa miligramu 1 ya niasini. Lakini mahindi yana triptofani chache, na niasini yake imefungwa kwa namna ambayo tumbo hushindwa kuifungua. Wenyeji wa Meksiko, ambao mahindi yalitoka kwao, tangu kale huyachemsha kwa chokaa, na chokaa hiyo huifungua niasini. Mahindi yalisafiri duniani, lakini maarifa ya chokaa hayakusafiri nayo.

Kusini mwa Marekani pelagra iliwaua maelfu ya maskini mwanzoni mwa karne iliyopita, na wengi walifungiwa katika hospitali za wendawazimu. Watu walisema ni maradhi ya kuambukiza. Daktari Joseph Goldberger, aliyepewa kazi ya kuichunguza mwaka 1914, alithibitisha kuwa ni chakula. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akaonyesha kuwa niasini ndiyo tiba, na baada ya hapo wagonjwa waliodhaniwa wamerukwa na akili moja kwa moja walirejewa na fahamu kwa siku chache. Tuzingatie jambo hilo tunapokuwa wepesi wa kusema fulani amerogwa au ana jini. Walikuwapo watu waliofungiwa kwa sababu ya sahani.

Mkoa wetu, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, ni mkoa wa mahindi, lakini haukunyimwa vya kuyakamilisha. Mbozi na Ileje kuna maharage. Karanga zinalimwa. Ziwa Rukwa lina samaki. Kuku, mayai, maziwa, ufuta na mbegu za maboga vina triptofani ya kutosha. Makande ya mahindi na maharage, ambayo baadhi ya vijana wetu huyadharau kuwa chakula cha shule, ni mchanganyiko wenye hekima, kwani maharage yana kile ambacho mahindi yanapungukiwa. Unga wa dona hubakiza kiini ambacho sembe nyeupe imekitupa. Nyumba inayokula hivyo haina haja ya kununua triptofani kwenye kichupa. Kinyume chake, mzee anayekula ugali na mboga ya majani peke yake mwezi baada ya mwezi, au mraibu wa pombe asiyekula, anahitaji kutazamwa.

Katika hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha (r.a.), iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, Mtume (s.a.w.) aliisifu talbina, uji wa shayiri, kwamba humtuliza mgonjwa na mfiwa. Tutaona hapo adabu kubwa: mwenye huzuni hupelekewa uji kwanza. Hasutwi.

Je, kichupa kinatibu?

Sasa tulijibu swali lenyewe. Melatonini ina matumizi yake yanayokubalika. Humsaidia msafiri aliyevuka majira mengi kwa ndege, na baadhi ya watu ambao saa yao ya mwili imehama, wakiwemo vipofu wasiopata habari ya mwanga. Lakini haijathibitika kuwa tiba ya sonona. Mwaka 1976 watafiti nchini Marekani waliwapa wagonjwa wachache wa sonona melatonini kwa wingi, na hali zao zikawa mbaya zaidi. Ipo dawa iitwayo agomelatini, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2009 kwa ajili ya sonona, ambayo hugusa vipokezi vya melatonini. Lakini hiyo hugusa pia kipokezi cha serotonini, huandikwa na daktari, na mwenye kuitumia hupimwa ini. Si ndugu wa kichupa cha sokoni.

Triptofani nayo ilijaribiwa kwa miaka mingi. Watafiti walipopunguza kwa makusudi triptofani katika damu ya watu, wengi wa waliokuwa wazima hawakubadilika hisia. Lakini baadhi ya waliowahi kuugua sonona na kupona, huzuni iliwarudia kwa saa kadhaa. Kwa hiyo triptofani ina nafasi yake, lakini si kweli kwamba kila mwenye sonona amepungukiwa nayo. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake, nchini Uingereza, walipitia tafiti nyingi kwa pamoja na kusema hawakuona ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na uchache wa serotonini. Asiseme mtu, basi dawa za hospitali ni bure! Dawa inaweza kusaidia hata pale ambapo mzizi wa maradhi haujajulikana wote, na wagonjwa wengi wamesaidika. Anayezitumia asiziache ghafla bila tabibu wake.

Kuna pia hatari. Mwaka 1989 vidonge vya triptofani vilivyochafuka kiwandani, vilivyotoka Japani, viliwaletea watu zaidi ya 1,500 nchini Marekani maradhi mazito ya misuli na damu, na wasiopungua 37 wakafariki. Vilikuwa vikiuzwa kama kirutubisho cha kawaida. Mwaka 2023 watafiti walipima aina 25 za vidonge vya kutafuna vya melatonini vilivyouzwa nchini humo: 22 havikuwa na kiasi kilichoandikwa, na aina moja haikuwa na melatonini kabisa. Ikiwa hivyo ndivyo palipo na maabara nyingi, tutasemaje kuhusu kichupa kilichovuka mpaka mfukoni? Zaidi ya hayo, triptofani ikichanganywa na baadhi ya dawa za sonona huweza kuipandisha serotonini kupita kiasi, mtu akatetemeka, akapata homa kali na kuhatarisha maisha.

Ama uhalali: melatonini ya leo kwa kawaida hutengenezwa kwa kemikali viwandani. Penye shaka ni gelatini ya ganda la kidonge na ya vidonge vya kutafuna, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Isomwe lebo, aulizwe mfamasia, na penye utata waulizwe masheikh. Lakini mama yetu azingatie pia kanuni ya sharia inayomkataza mtu kujidhuru na kuwadhuru wengine. Kidonge kinachomletea dereva usingizi, akakinywa kisha akashika usukani kwenye miteremko ya barabara kuu, ni hatari kwake na kwa wengine. Dawa yoyote inunuliwe kwenye duka lililosajiliwa, iwe imepita kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na iandikwe na mwenye ujuzi.

Jibu letu basi: usimpe.

Nini kifanyike nyumbani na msikitini

Kwanza, mgonjwa afikishwe kwa tabibu. Aanze kituo cha afya kilicho karibu. Akielekezwa, aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kule Vwawa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Amitriptilini na fluoksetini, dawa za sonona zilizomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, si dawa mpya wala za matajiri. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu, hivyo familia isikate tamaa siku ya nne. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta tiba, na kisomo, dua na ruqya havigombani na hospitali. Mwenye kumwambia mgonjwa achague kimoja amemdhulumu.

Pili, usiku urudishiwe heshima yake. Katika Sura An-Nabaa Mola wetu anautaja usingizi, usiku na mchana kwa mpangilio, kila kimoja na kazi yake. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo yasiyo na haja baada yake. Basi baada ya Isha taa kali zipunguzwe, simu ziwekwe mbali na kitanda, na watoto walale. Baada ya Alfajiri atoke nje apate mwanga wa asubuhi na atembee kidogo. Hata siku ya mawingu mwanga wa nje huzidi taa ya chumbani mara nyingi. Dereva asiye na budi ya kulala mchana aweke pazia zito na asibadili saa zake kila siku ikiwezekana. Haya peke yake hayatibu sonona iliyokomaa, lakini tiba hufanya kazi vizuri zaidi juu yake.

Tatu, tuulize waziwazi kuhusu mawazo ya kufa. Wengi huogopa kwamba kuuliza kutampandikizia mgonjwa fikra hiyo. Sivyo, kuulizwa kwa upole humpunguzia upweke. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na viuatilifu vya kahawa na mahindi, ambavyo katika nyumba zetu nyingi hukaa chini ya kitanda, viondolewe na kufungiwa mbali. Kuviondoa humpa mtu saa chache, na saa hizo zimewaokoa wengi.

Nne, tumsikilize. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafunza wanawake watu wazima wa mitaa ya Harare, bibi zetu wa kawaida, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo mengi, kisha kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusisha watu 573, ulionyesha kuwa waliokaa kwenye benchi hilo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hatuna haja ya kuagiza benchi kutoka Harare. Kila msikiti una baraza, na kila mtaa una mama na mzee mwenye kifua cha kutunza siri. Wanaohitajika ni watu wa kufunzwa, na tabibu wa kuwaelekeza.

Kamati zetu huchangisha nauli kwa mgonjwa wa figo au wa mguu uliovunjika, na hakuna anayeuliza imani yake. Mgonjwa wa sonona naye apewe nauli hiyohiyo ya Vwawa au Mbeya, kwa siri ileile. Na ndugu wa safu ya kwanza, mmoja wao akikosekana Ijumaa mbili mfululizo, wamtembelee nyumbani wakiwa na uji badala ya mawaidha. Tumemwomba mama aliyetuandikia atupe ruhusa ya kumfikia mumewe kwa njia hiyo, ajapo kutoka safari yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie tuwe wepesi wa kusaidia kabla ya kuhukumu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.